Nauza Bima ya Mazishi Masasi, Kila Siku Naambiwa "Acha Uchuro"

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nataka tuongelee kitu ambacho hakuna anayependa kukiongelea, na ndicho kinachonipa ugali: nauza bima ya mazishi. Nina miezi kumi na moja tu kwenye hii kazi.

Najua wengine mshaanza kuguna. Subirini kwanza.

Akifariki msanii au mwigizaji hapa Bongo, mambo huwa yaleyale. Saa ya kwanza ni picha nyeusi na "pumzika kwa amani". Saa ya pili inasambaa namba ya simu ya michango. Kamati inakaa: jeneza, usafiri, chakula, sare. Mtu alikuwa na gari kali na wafuasi kibao, juzi tu kaposti yuko ufukweni, leo familia yake inaomba buku mbili mbili. Simtaji mtu, na wala sio mmoja. Wala siwacheki, maana kuchangiana msiba sio aibu kwetu, ndivyo tulivyolelewa. Swali langu ni dogo tu: kati ya wote wanaolia kwenye komenti, nani hasa ana wajibu wa kuchanga?

Hilo swali nimefundishwa na mama mmoja wa Lukuledi mwenye kaunta buku. Nitafika kwake.

Kwanza nilivyoingia. Nilimaliza stashahada Dar, nikauza vipodozi mtandaoni, nikafanya kazi ya kupokea simu za wateja, mwisho kodi ikanishinda nikarudi nyumbani. Kampuni moja ikatangaza inatafuta mawakala kanda ya kusini. Ukapita mtihani, ikaja leseni ya TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, maana bila hiyo huruhusiwi kumuuzia mtu bima yoyote. Siku ya kwanza tukaambiwa kabisa: mshahara hakuna, unakula kamisheni. Hujauza, hujala.

Bidhaa yenyewe ni rahisi kueleza. Unalipa 4,000 kwa mwezi. Ukifariki, familia yako inapewa milioni 2 za kukustiri. Ukifa kwa ajali unalipiwa tangu siku ya kwanza, ila ukifa kwa ugonjwa lazima bima iwe imekaa miezi sita. Basi, hakuna hesabu ya ajabu.

Kazi sasa ni kumwambia mtu mzima, tena aliyekuzidi umri mara mbili, kwamba iko siku atakufa.

Wengi wenu Masasi mliiona kwenye runinga Julai 2020, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipozikwa kijijini kwao Lupaso. Huku msiba ni wa kijiji kizima. Watu wanazima redio, wanaacha shamba, wanakuja. Kwa hiyo ukiingia kwenye kibaraza cha mtu na fomu yenye neno "mazishi", jibu la kwanza ni "wewe binti, acha uchuro". Mdomo huumba, wanasema. Baba mmoja pale stendi alinirudishia kipeperushi kwa vidole viwili kama ameshika panya.

Wengine woga wao sio kifo, ni sisi. Vijana wanakumbuka hadithi za wazazi wao na DECI, ile ya kupanda na kuvuna ambayo serikali iliifunga 2009. Wazee wao wanakumbuka enzi ambazo bima Tanzania Bara ilikuwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, tangu utaifishaji wa 1967 hadi soko lilipofunguliwa 1996. Kwao bima ni ofisi yenye bendera ya taifa. Wewe unakuja na kishikwambi na mkoba, unanukia mafuta mazuri, watakuaminije? Halafu kuna neno baya kuliko yote huku: makato. Mkulima wa korosho akiuza kwenye mnada kupitia AMCOS, anakatwa hiki na kile kabla pesa haijaingia benki. Sasa na wewe umekuja kumkata tena, tena kila mwezi?

Na shehe mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama hii sio riba au kamari. Swali la maana. Nikamwambia TIRA inatambua takaful, bima inayofuata misingi ya Kiislamu, ila mimi bidhaa hiyo sina. Akashukuru, hakununua, na akanipa chai. Heshima ilibaki.

Sasa tuje kwa mama wa kaunta buku.

Lukuledi iko barabara ya kwenda Nachingwea. Nilipelekwa kwake kwa sababu ni kiongozi wa kikundi cha kufa na kuzikana. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaenda ndani akaleta lile daftari. Majina sitini na kitu. Kila jina lina mistari: akifiwa nani anapewa nini. Buku mbili kila kaya. Debe la mahindi. Kuni. Zamu ya kuchota maji, zamu ya kupika, vijana wa kuchimba kaburi. Asiyekuja msiba mitatu bila sababu anafutwa.

Akaniuliza: "Mwanangu, huyo bosi wako wa Dar, siku nikifa, atachota maji?"

Wadau, hilo swali halimo kwenye mafunzo ya kampuni yoyote.

Nilichoelewa pale ni kwamba tunafundishwa vibaya. Tunaambiwa tunakwenda kwa watu "wasiojua bima". Uongo. Hawa watu wana bima kabla mimi sijazaliwa, ina kanuni, ina michango, ina adhabu, na inalipa siku hiyohiyo. Na sio huku tu. Uingereza ya zamani, watu wa viwandani walikuwa na vyama vyao vya kuzikana kwa kuogopa kuzikwa kimaskini, na kuanzia 1854 kampuni ya Prudential ikawa inatuma mawakala nyumba kwa nyumba kila wiki kukusanya senti. Afrika Kusini mpaka leo vyama vya mazishi vya mtaani na bima za mazishi za kampuni vinaishi pamoja, mtu mmoja anakuwa navyo vyote viwili. Hata Dar ya mkoloni, watu waliotoka bara walikuwa na vyama vya watu wa kwao, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuwazika wageni wenzao.

Kwa hiyo nikaacha kubishana na daftari. Nikamuuliza mama, "Lini daftari linashindwa?"

Akafikiri. Akasema mara tatu. Moja, mtoto wa mtu akifia Dar. Kumleta ni zaidi ya kilomita 500, unapita Daraja la Mkapa pale Rufiji, na gari la maiti halikubali mahindi. Mbili, misiba miwili ndani ya wiki moja. Tatu, Februari na Machi. Korosho inauzwa kuanzia Oktoba, pesa inazunguka mpaka Januari hivi, baada ya hapo mifuko inakauka. Na kifo hakisubiri mnada.

Basi hapo ndipo bidhaa yangu ilipopata nafasi ya kukaa. Haichukui nafasi ya kikundi. Inakuja pale kikundi kinapoishiwa pumzi. Nikaacha kusema "bima ya mazishi", nikaanza kusema "mkono wa pole", na nikaacha kudai 4,000 kila mwezi kwa mkulima. Ofisini wanakubali kulipa mwaka mzima mara moja, 48,000, ila kwenye mafunzo walipita hapo haraka. Ukimwandikisha mkulima mwezi wa nane kwa malipo ya mwezi, ikifika Machi hana, bima inakufa kabla yake. Msimu wa mnada ndio wakati wa kuongea naye. Wateja wangu wengi wameingia Novemba.

Halafu kuna jambo la mnufaika, yaani nani apewe hela. Fomu ina mstari mmoja tu. Ofisini wanadhani ni mstari mwepesi.

Nilipanda Newala, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, kulikokuwa na upepo mkali siku hiyo. Mwanaume mmoja wa makamo alikuwa tayari kusaini, mkewe amekaa pembeni anachambua choroko. Nikauliza, "Tuandike nani?" Akasema, "Mjomba." Choroko zikasimama. Huku kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kwenye mambo ya ukoo, msiba ukiwemo. Kwa desturi, mzee hakukosea. Lakini mke ndiye atakayebaki na watoto na madeni ya sukari na mchele dukani. Mimi sio mjomba wala mke, nikanyamaza. Yule mama akasema taratibu, bila kuinua macho, "Mjomba ana kanzu yake. Watoto wanataka daftari." Wakaongea wenyewe kwa lugha yao kama dakika ishirini. Mwisho wakagawa: nusu mjomba, nusu mke. Fomu inaruhusu. Sasa hivi kila nyumba nauliza hilo swali wote wakiwa wamekaa pamoja, maana siku ya msiba ndio siku mbaya zaidi ya kuanza kuulizana.

Dai langu la kwanza lilikuja mwezi wa tisa wa kazi. Kijana wa bodaboda, mteja wangu wa kumi na tatu. Alikuwa analipa kwa simu kila tarehe moja, ananitania, "Wakala, mwezi huu nimekushinda tena, sijafa." Lori, usiku, barabara ya Nachingwea. Mama yake ndiye mnufaika.

Nilifika kesho yake asubuhi. Kikundi kilikuwepo tangu alfajiri. Maji yamechotwa, moto unawaka, kaburi limechimbwa. Mimi nilikuwa nimeshika bahasha ya fomu. Nikaiweka, nikakaa chini na wenzangu tukachambua mchele.

Hela zilichukua siku kumi na moja. Kijiji kizima kilimjua kwa jina la utani, kibali cha mazishi kikaandikwa hilo, kitambulisho cha NIDA kina jina lingine kabisa. Ikabidi barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kifo, safari mbili za Masasi mjini. Kila siku mama yake alinipigia, sio kwa ukali, ananiuliza tu, "Mwanangu, wamesema?" Usiku nilikuwa silali. Nilijua zisipokuja, nitahama huu mkoa, na atakayekuja baada yangu hatapewa hata kigoda.

Zikaja. Milioni 2 kamili. Hazikumzika, alishazikwa. Zililipa deni la pikipiki kwa wale wa kausha damu waliokuwa wameshaanza kuja na daftari lao jingine, zikalipa duka, na arobaini ikasomwa bila mtu kuuza shamba. Mama yake akaniambia, "Kikundi kilimsitiri mwanangu. Wewe umenistiri mimi." Nililia kwenye bodaboda njia nzima.

Wiki iliyofuata mama wa kaunta buku aliniita. Wanataka kuingia kikundi kizima, kwa sharti moja: kampuni ilipe ndani ya siku mbili, tena waiandike. Nimepeleka ofisini. Wanasema "tunalifanyia kazi". Naye kila akiniona ananiuliza kama mwenye kumdai mtu, na ana haki.

Kwa mnaotaka kuingia kwenye hii kazi, machache tu. Miezi mitatu ya kwanza uwe na akiba au pa kulala pa bure, kamisheni haina huruma. Msianze na ndugu wote kwa mkupuo, wakiisha utafanyaje? Someni fomu kwa sauti mbele ya mteja, hasa ile miezi sita ya kusubiri, asije akaisikia kwa mara ya kwanza msibani. Linganisheni jina la NIDA siku ileile ya kusaini. Wakumbusheni wanafamilia kwamba kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, cheti kinatoka RITA. Na wewe mteja, wakala akija mwombe leseni yake. Akinuna, mfungulie mlango atoke.

Sasa kuna staa mmoja, asili yake huku kusini, mnamfahamu sana. Nilimfuata inboksi na salamu za nyumbani na bei yangu ya 4,000. Akajibu na vikatuni vya kucheka: "Dada, mimi nikifa nina wafuasi zaidi ya milioni, watanichangia."

Kaka yangu, nakupenda na nyimbo zako nazicheza. Ila wafuasi sio wanachama. Mama wa Lukuledi ana majina sitini tu kwenye kaunta buku, na kila mmoja anajua siku hiyo atabeba nini: huyu kuni, huyu maji, huyu jembe. Wewe una milioni, na hujui hata mmoja atakayebeba ndoo.

Haya wadau, tuambiane hapo chini. Kwenye simu yako sasa hivi, ni namba ngapi ambazo una uhakika zitakuja na jembe? Tukitaja idadi inatosha, majina acheni. Na atakayeniandikia "acha uchuro", nimeshazoea, shikamoo yake ipo palepale.