Kutoka Kibondo Hadi Kasulu na Matokeo ya Daraja la Nne

Akina mama wenzetu, nani kati yetu asiyeijua siku ya matokeo ya kidato cha nne? Kwa kawaida ni mwezi Januari. Watu hukusanyika kwenye simu moja, jina hutafutwa, na kabla chai haijapoa mtaa mzima umekwisha kujua mtoto wa nani amepata nini. Kwetu Kibondo siku hiyo tulikuwa jikoni, sisi wawili, mama mzazi wa binti na mama yake mdogo. Tukasomewa: Daraja la Nne, pointi 26.

Tuseme kweli ili wengine wajifunze. Hatukumpa pole. Tulimwambia kwamba maharage yote tuliyouza kwa ajili ya sare na madaftari yake yamekwenda bure. Wiki nzima alikula peke yake, hasemi na mtu. Na kumbe jambo alilokuwa akilitaka lilikuwa moja tu: kusoma kompyuta.

Hakulitaka kwa kuiga. Katika ofisi ya kanisa letu kuna kompyuta ya zamani, na kwa likizo mbili alikuwa akituandikia humo hesabu za kikoba chetu. Ndiye aliyegundua kwamba mchango wa mwenzetu mmoja ulikuwa umejumlishwa mara mbili, kosa ambalo sisi watu wazima tulilipita miezi mitatu bila kuliona.

Baba yake alisema arudie mtihani. Jirani alisema aolewe. Sisi tukachagua njia ya tatu, mbaya kuliko zote. Tulipewa namba ya simu ya mtu aliyejisifu kwamba kwa matokeo hayo hayo anaweza kumwingiza binti chuo kikuu asome shahada ya kompyuta moja kwa moja. Tulimtumia shilingi 80,000, fedha za maharage, na baba yake hatukumwambia. Ilipofika Aprili simu ya mtu yule ikawa haipatikani tena.

Ndipo Juni, baada ya kuvuna maharage ya msimu wa pili, tukafunga safari ya Kasulu kwa shangazi yake binti, ambaye ni mwalimu. Tulikwenda watatu, na siri yetu tukaibeba pamoja na kikapu cha asali.

Njiani

Kibondo asubuhi ya Juni ni baridi. Ukungu hulala juu ya migomba, na akina mama waliokwenda stendi kuuza maandazi hujifunika kanga mbili mbili. Wanaoijua njia hii tangu zamani wanakumbuka tope jekundu, basi likikwama na abiria wakishuka kulisukuma. Siku hizi sehemu kubwa ni lami. Ni ile barabara ndefu, zaidi ya kilomita 260, inayotoka Kabingo wilayani Kakonko, ikapita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, mpakani na Burundi. Imejengwa kipande kwa kipande, kwa miaka mingi.

Tulipita njia panda ya Nduta, iendayo kwenye kambi ya wakimbizi kutoka Burundi. Mbele kidogo tukavuka mto Malagarasi. Binti yetu, ambaye kwa safari nzima hakuwa amesema neno, akafungua kinywa.

"Mama, huu mto unaanzia karibu na Ziwa Tanganyika."

"Mbona unakwenda upande mwingine?"

Akatueleza. Mto huanzia kwenye milima ya mpaka wa Burundi, si mbali na ziwa, lakini hulipa ziwa mgongo. Huelekea kaskazini mashariki kufuata mpaka, kisha hugeuka na kuzunguka kwenye mabwawa na matete mengi, nchi oevu ambayo mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yanayohifadhiwa. Ndipo hurudi magharibi, hupita Uvinza penye chumvi, na mwisho huingia ziwani Ilagala. Sisi tumeishi na mto huo miaka yote na hatukujua. Huyu ndiye mtoto aliyepata D ya Jiografia. Tukatazamana bila kusema kitu.

Tulipokuwa tukiendelea, tulikumbuka babu zetu. Wakati wa ukoloni nchi ya Waha ilijulikana kwa jambo moja, kutoa manamba wa kwenda kukata mkonge Tanga. Waliondoka na mikono yao tu. Na kuhusu kompyuta, sisi wenyewe tulizaliwa katika miaka ambayo nchi yetu ilikuwa imezipiga marufuku. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilikaa miaka mingi. Basi mama wa umri wetu angejulia wapi njia ya kuifikia elimu hiyo? Ujinga wetu ulikuwa na sababu. Lakini kutouliza, hilo lilikuwa kosa letu.

Kwa wifi, Kasulu

Kasulu ni mji wa vilima na soko lenye shughuli. Pale utakuta maharage ya kila rangi, unga wa muhogo, mawese, na migebuka iliyoletwa kutoka ziwani Kigoma. Wifi yetu alitupokea kwa ugali wa muhogo na migebuka, akatuacha tushibe. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipeni matokeo yake niyaone."

Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia. Akaandika kwenye karatasi: Kiswahili B. Uraia C. Hisabati, Kiingereza, Biolojia na Jiografia D. Historia, Fizikia na Kemia F.

"Wifi zangu, ninyi mmesoma Daraja, masomo hamkuyasoma," akasema. "Kwenda kidato cha tano anatakiwa awe na angalau C tatu. Yeye ana B moja na C moja. Amekosa moja tu. Haya, tuache kidato cha tano. Kuanza astashahada katika chuo cha ufundi panatakiwa masomo manne yenye D au zaidi, ukiondoa masomo ya dini. Huyu anayo mangapi?"

Tukahesabu kwa vidole kama watoto wa darasa la kwanza. Sita.

"Mlango huo uko wazi tangu Januari. Ninyi mmekaa nje mnalia."

Akatuchorea njia mbili. Anayekwenda kidato cha tano na cha sita husoma miaka miwili, kisha shahada ya miaka mitatu, jumla mitano. Anayeanzia astashahada husoma kwa kawaida miaka mitatu hadi kupata stashahada, kisha miaka mitatu ya shahada, jumla sita. Tofauti ni mwaka mmoja. Na yule wa njia ndefu, hata akiishia katikati, anacho cheti cha kazi mkononi.

Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, na mwenye stashahada anaruhusiwa kweli kusoma shahada?"

"Anaruhusiwa, akiwa na wastani wa alama 3.0 au zaidi katika stashahada yake. Wa kidato cha sita naye ana kipimo chake, masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi nne. Kila mlango una kizingiti chake. Hakuna anayekuruka juu ya kizingiti kwa fedha."

Aliposema hayo tulishindwa kumtazama usoni. Mama mdogo ndiye aliyeanza. Tukamweleza yote, mtu wa simu na zile 80,000. Tulidhani atatukemea, kwani fedha hizo ni za kaka yake pia. Hakutukemea. Alikunja karatasi, akasema, "Kaka yangu mtamwambia wenyewe, tena kabla hajaambiwa na mwingine. Na huyu mtoto mmemwomba radhi?"

Hatukuwa tumemwomba. Usiku ule, kitandani, tukiwa tumelala watatu kwa ajili ya baridi, tulimwomba. Alilia, nasi tukalia. Akasema fedha hazikumuuma. Kilichomuuma ni kula peke yake.

Kwenye duka la steshenari

Kesho yake wifi alitupeleka kwenye duka la steshenari, mahali wanapotoa fotokopi na kujaza fomu za vyuo kwenye mtandao. Wenyeji wanakumbuka zamani umeme wa Kasulu ulipokuwa wa majenereta ya dizeli, hadi mwaka 2022 mkoa ulipounganishwa na gridi ya taifa.

Kijana wa pale alituambia kwamba naye alipata Daraja la Nne. Alisoma astashahada, kisha stashahada ya teknolojia ya habari. Tulifurahi tukadhani atampa binti maneno matamu. Badala yake akamuuliza, "Hisabati ulipata nini?"

"D."

"Basi muhula wa kwanza utakuumiza. Mimi nilianguka somo moja la hesabu, nikalirudia. Usingoje chuo kifunguliwe. Tafuta vitabu vya kidato cha tatu na cha nne, uanze leo."

Akamweleza kwamba kusoma kompyuta si kuandika barua na kuangalia picha. Ni kuipangia mashine kazi hatua kwa hatua, na hatua moja ikikosewa kazi yote huharibika. Binti akasema, "Kama zile hesabu za kikoba." Kijana akacheka, akasema ndiyo, kama hizo hizo.

Fomu yenyewe haikuwa ngumu. Inatakiwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, na ada ya maombi ambayo hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na chuo chenyewe, wala haitumwi kwenye simu ya mtu. Hapo tulielewa jinsi tulivyodanganywa. Aliomba vyuo viwili, kimoja Mwanza na kimoja Dar es Salaam. Tulitumia chini ya robo ya fedha alizotuibia yule tapeli.

Tuliporudi Kibondo tulimwambia baba yake usiku huo huo. Alinyamaza. Akatoka nje kutazama mbuzi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliuliza swali moja: "Ada ya hicho chuo ni kiasi gani?" Mbuzi wawili waliuzwa Agosti. Barua ya kukubaliwa kutoka chuo cha Mwanza ilifika Septemba. Hisabati bado inamsumbua, na simu zake za Jumamosi huanza na hiyo. Atafika wapi, hatujui. Tunajua tu kwamba yuko njiani.

Mambo tuliyojifunza

Akina mama, tunayaandika haya ili msipoteze fedha na machozi kama sisi.

1. Soma masomo, usisome Daraja peke yake. Hesabu C ziko ngapi na D ziko ngapi, kisha ulinganishe na sifa za chuo. Vyuo vingine vya kompyuta hutaka Hisabati au Kiingereza viwemo, na fani za uhandisi wa kompyuta huweza kutaka na Fizikia. Uliza kabla ya kulipa.

2. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Baraza hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha vyuo, kozi na sifa zake. Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU.

3. Kurudia mtihani si aibu. Mtoto hujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani Novemba. Lakini arudie kwa sababu anahitaji somo fulani, wala si kwa sababu wazazi wanaona haya kwa majirani.

4. Aliyemaliza kidato cha sita akakosa pointi chache asikate tamaa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kozi ya awali kwa watu wa namna hiyo, na kina kituo Kigoma.

5. Uliza habari za mikopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha na wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa. Orodha ya fani ikaguliwe kila mwaka.

6. Usimfiche baba wa watoto jambo la fedha za mtoto. Siri yetu ilitugharimu kuliko zile 80,000.

7. Na siku ya matokeo, kabla hujasema lolote, mpakulie mtoto chakula, ukae naye mle pamoja. Maneno mengine yanaweza kungoja hadi kesho.