Gundi na Gundua

Kosa lilitokea mezani, nyumbani kwetu Nottingham, mji ule ule wenye makao ya Games Workshop, kampuni itengenezayo sanamu ndogo za mchezo wa vita uitwao Warhammer 40,000. Mwanangu, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa akiliunda jitu la vita liitwalo Imperial Knight, akatambua kwamba amelibandika silaha asiyoitaka. Akaniita: "Baba, nisaidie niugundue huu mzinga."

Nilicheka. Kisha nikamtolea somo: kugundua ni kutambua jambo lililofichika, wala neno hilo halizaliwi na gundi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanijibu kwa Kiingereza, na kwa majuma mengi hakunitamkia tena sentensi nzima ya Kiswahili.

Usiku mmoja, nikisahihisha shairi, ndipo nilipoiona njia aliyoipita. Alikuwa amesikia funga na fungua, ziba na zibua, bandika na bandua, akajitungia kanuni. Ndiyo kauli ya kutendua, ambayo wengine tuliifundishwa kwa kiboko. Kanuni yake ilikuwa sahihi. Gundi ndiyo isiyoitii, hasa ile ya plastiki, ambayo huyeyusha kingo za vipande viwili vikawa kimoja.

Sanduku la jitu lile lina silaha nyingi kuliko mikono. Mwenye mizinga miwili huitwa Crusader. Mwenye upanga wa mnyororo na ngumi ya chuma huitwa Gallant. Ukibandika, umeshachagua jina moja, na silaha zilizosalia hukaa bure. Kwa hiyo wachezaji wengi hutumia sumaku za neodimiamu, vidonge vyenye kipenyo cha milimita 5 hivi: kimoja kwenye kiwiko, kingine kwenye shina la kila silaha.

Niliagiza sumaku 20, nikamwomba anifundishe. Kuomba radhi waziwazi sikuweza. Sisi wa rika langu hatukuwasikia baba zetu wakifanya hivyo.

Kazi yenyewe yataka subira. Hutoboa kwa keekee ndogo izungushwayo kwa vidole, polepole, hadi shimo lienee unene wa sumaku isichomoze wala kudidimia. Kisha tone moja la gundi kali. Lakini kabla ya hayo yote huzipanga sumaku zote safu moja, zikiwa zimeshikana, na kutia kila moja alama ya wino upande ule ule, kwa kuwa ncha zinazofanana hufukuzana na zisizofanana huvutana. Nilimwonyesha kwamba vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendana, kwani sumaku haivuti bila kuvutwa. Alitabasamu, asiseme neno.

Silaha ya tatu niliiharibu mimi. Nilikuwa nimeiweka sumaku kichwa chini, alama ikielekea ndani, na gundi ilikwisha kukauka. Nilipousogeza mzinga karibu na kiwiko, uligeuka mkononi mwangu ukakataa. Nikajaribu tena, kana kwamba ungebadili nia.

Mwanangu alinitazama. Nilingoja kicheko, maana nilikuwa nakidaiwa. Akanyoosha mkono kuchukua kisu chembamba.

"Lete, Baba," akasema. "Tuigundue."

Nikamsogezea taa, naye akaanza kuichokonoa.