Karatu hadi Ngorongoro: Umpe mwenzako hadithi gani, albamu gani?

Kutoka Arusha mjini hadi Karatu ni kilomita 140 na ushee, lami tupu. Unapita Kisongo, unafika Makuyuni unakata kulia, unavuka Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha Rhotia na Karatu yenyewe. Kwa gari la familia, likiwa na watoto wanaotaka kuchimba dawa kila baada ya nusu saa, ni mwendo wa saa tatu hivi.

Mzazi ana njia mbili za kuzitumia saa hizo. Ya kwanza ni kila mtu avae hedfoni zake, mfike mkiwa watu sita mliosafiri safari sita tofauti. Ya pili ni gari zima lisikilize kitu kimoja na kukizungumza. Likizo ya mwezi wa sita tulijaribu hii ya pili, na nataka niwaeleze wazazi wenzangu ilivyokwenda.

Tulikuwa familia mbili. Shoga yangu, tuliyesoma naye sekondari, alifiwa na mumewe mwaka mmoja kabla. Mtoto wake mkubwa, kijana wa kidato cha tatu, tangu msiba ule alibaki na maneno matatu tu: ndiyo, hapana, sawa. Hakuwa mkorofi. Shule anakwenda, vyombo anaosha, shikamoo anatoa. Ila mazungumzo hakuna.

Wiki moja kabla ya safari mama yake aliniuliza, "Wewe unayependa vitabu na hizo rap zenu za zamani, nimpe nini huyu mtoto?"

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Kumpendekezea mtu hadithi au albamu ni rahisi kama unataka tu kuonyesha kwamba unajua. Lakini kama unamtaka yeye, lazima ufikirie ni nani, anapitia nini, na kwa nini hiki kimfae yeye na si jirani yake. Basi tukaweka kanuni moja ya safari: kila mtu alete albamu moja au hadithi moja, aseme anampa nani na kwa nini. Anayepewa haruhusiwi kusema "mbaya" mpaka afike mwisho.

Arusha hadi Makuyuni: zamu ya wazazi

Baba watoto alianza na "Machozi Jasho na Damu" ya Professor Jay, ya mwaka 2001. Aliwapa watoto wote wa nyuma. Sababu yake: "Hii ndiyo ilitufanya wazee wetu waanze kusikiliza."

Wazazi wa rika letu wanakumbuka. Miaka ya 1990 rap ilionekana ni uhuni. Saleh Jabir alikuwa ameanza kuiweka kwenye Kiswahili, Kwanza Unit wakaja mwaka 1993, Mr II akafuata na kanda zake, lakini nyumbani ulikuwa unasikiliza kwa sauti ya chini. Kisha ukaja "Ndio Mzee", wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukimwitikia. Hata babu aliyekuwa haelewi mdundo alielewa utani ule.

Watoto walicheka. Kisha wakauliza kama ni kweli mwimbaji huyo naye alikuja kuwa mbunge. Ni kweli: Mikumi, kuanzia 2015 hadi 2020. Na Mr II, yaani Sugu, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Mjadala wa hapo ulitufikisha Makuyuni bila mtu kuuliza "bado?"

Kwa mtu mzima anayeupenda wimbo huo, mimi humpa na hadithi fupi ya Euphrase Kezilahabi, "Mayai Waziri wa Maradhi". Ilitoka kwanza kwenye gazeti la Mzalendo mwaka 1978. Ni waziri wa afya anayeandamwa na mizuka ya watoto. Mmoja anachekesha, mwingine anatisha, na wote wawili wanauliza swali lilelile: uliyepewa dhamana, umeifanyia nini?

Makuyuni hadi Mto wa Mbu: albamu ya nyumbani

Hapa nilichukua zamu yangu. Nilimpa yule kijana "Maasai Hip Hop" ya X Plastaz, iliyotoka mwaka 2004. Nilimwambia wazi: "Nakupa hii kwa sababu ni ya kwetu, na kwa sababu nataka uisikilize huku unatazama dirishani."

X Plastaz ni vijana wa Arusha. Walichukua rap ya Kiswahili wakaichanganya na uimbaji wa Kimaasai, sauti ile nzito ya kooni ambayo mtalii huisikia kwenye ngoma za hotelini na kudhani ni ya kupigia picha tu. Albamu ilitolewa na lebo ya Ujerumani, ikasikika Ulaya kabla watoto wengi wa Arusha hawajaijua. Ukiisikiliza chumbani ni muziki mzuri. Ukiisikiliza kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu, maboma yakiwa kulia na kushoto na morani akichunga huku simu iko sikioni, unaelewa kwamba hawakubuni kitu. Walirekodi walichokiona.

Sikumficha pia habari ya Faza Nelly, mmoja wa nguzo za kundi, aliyeuawa mwaka 2006.

Kijana aliuliza swali lake la kwanza la siku ile. "Wenzake walifanyaje?"

Nikamwambia waliendelea. Mwaka 2009 mwenzao Gsan alisimama Marekani, kwenye jukwaa la tuzo za hip hop za BET, akaghani pamoja na wakali wa huko. Hakusema kitu. Lakini aliurudisha wimbo wa kwanza.

Kwenye manyani, Adili na nduguze

Kona za kupanda ukuta wa Bonde la Ufa si mahali pa kusoma kitabu, mtoto atatapika. Hapo ni pa kusimulia kwa mdomo. Na kwa kuwa manyani wamejaa kando ya barabara, hadithi yenyewe inajileta: "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Ni kitabu chembamba, usiku mbili tatu unakimaliza. Adili ana manyani wawili anaowatunza vizuri, lakini kila usiku analazimika kuwachapa, na anaumia yeye kuliko wao. Kumbe ni ndugu zake wa damu, waliomtenda ubaya.

Binti yangu wa darasa la tatu aliwatazama manyani wa barabarani kwa macho mapya kabisa. "Mama, huyu naye alikuwa kaka wa nani?"

Hii nampendekezea mzazi yeyote mwenye watoto wanaogombana. Usiwahubirie. Wasimulie, halafu nyamaza.

Karatu: usiku wa hadithi

Karatu ni mji wa barabara moja kubwa, udongo mwekundu, mashamba ya ngano na kahawa, na baridi ya Juni inayoingia mpaka kwenye mifupa. Wenyeji wengi ni Wairaqw. Wana kitu kinaitwa slufay: mzee mmoja anaghani maneno ya baraka, akiomba mvua, amani na uzima, na waliokaa naye wanamwitikia. Ukiwaeleza watoto kwamba mtu mmoja kushika maneno na umati kuitikia ni jambo la zamani mno katika nchi hii, rap haiwi tena kitu cha kigeni.

Tulikula makande, tukamimina chai ya tangawizi, na shoga yangu akatusomea "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed. Imo kwenye mkusanyiko wenye jina hilohilo uliotoka mwaka 2016, uliosomwa sana katika shule za sekondari za Kenya. Jitu linaingia mkahawani na kula kila kilichopo, na wakazi wa mtaa wa Madongoporomoka wanaishi kwa hofu ya kuondolewa kwenye ardhi yao.

Kuisoma hadithi hiyo ukiwa mlangoni mwa Ngorongoro si jambo dogo. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na mjadala wake haujaisha. Watoto waliuliza maswali ambayo sisi watu wazima tulijibu kwa kupokezana, na mengine hatukuyajibu. Hadithi nzuri hufanya hivyo: inafungua mlango ambao taarifa ya habari imeshindwa kuufungua.

Ngorongoro: zima redio

Kesho yake tulipanda Land Cruiser ya kukodi, maana gari la kawaida haliruhusiwi kushuka kreta. Baada ya lango la Lodoare muziki ulizimwa. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 8,292, na sakafu ya kreta peke yake ni kama kilomita za mraba 260, kina chake karibu mita 600. Hapo hakuna albamu inayohitajika. Sikiliza nyumbu.

Ila ukingoni, kabla ya kushuka, kuna mnara wa mawe ambao magari mengi huupita tu. Ni wa Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama kutoka angani na baba yake, Bernhard. Alikufa Januari 1959, akiwa na miaka 24, ndege yake ndogo ilipogongana na tai. Baba alipofariki mwaka 1987, alizikwa hapo kando ya mwanawe.

Dereva alitueleza kwa kifupi, akataka kuondoka. Kijana wetu akasema, "Ngoja kidogo." Alisimama pale akisoma maandishi, mikono mfukoni. Mama yake alitaka kumfuata. Nikamshika mkono.

Usiku ule, tukiwa tumerudi Karatu, kijana alisema zamu yake haijafika. Akaweka simu mezani. Alileta "good kid, m.A.A.d city" ya Kendrick Lamar, ya mwaka 2012. Akatutahadharisha kuwa ina lugha chafu, tukampeleka mdogo kulala.

"Nampa mama," alisema. "Kwa sababu ya wazazi waliomo."

Albamu hiyo ni hadithi ya siku moja ya kijana wa Compton, na kwenye jalada imeitwa filamu fupi. Katikati ya nyimbo zinasikika sauti za mama na baba wakimwachia ujumbe kwenye simu. Mama anadai gari lake lirudishwe. Baba ana mambo yake ya dhumna. Ni maneno ya kawaida kabisa. Kuelekea mwisho mama anamwambia mwanawe arudi akiwa mtu mwema, awasimulie watoto wa mtaani kwao alikopitia.

Ilipoisha, kijana alifungua WhatsApp. Akatuchezea ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja. Ilikuwa sauti ya baba yake: anachelewa, wamwekee chakula kwenye hotpoti, na mtu asisahau kufunga geti.

Mama yake hakujua kama ujumbe ule upo. Alisema, "Rudia." Akarudia. Kisha wakaanza kuzungumza, na sisi tukaenda kulala.

Ukitaka kujaribu

Si lazima iwe Ngorongoro. Safari ya kwenda kwa bibi Same au Singida inatosha. Lakini zingatia haya:

Toa kitu kimoja tu. Ukimtumia rafiki orodha ya vitabu ishirini hatasoma hata kimoja. Mpe kimoja na useme sababu.

Anza na kifupi. Hadithi fupi inaisha kabla ya usingizi. "Illmatic" ya Nas, ya mwaka 1994, haifiki hata dakika arobaini. Mzazi atafurahi kujua kwamba anayepuliza tarumbeta mwishoni mwa wimbo wa tatu ni baba mzazi wa Nas, Olu Dara.

Sikiliza kwanza wewe. Albamu nyingi za zamani zina matusi. Kwa wadogo, "The Miseducation of Lauryn Hill" ya mwaka 1998 ni salama zaidi, na kati ya nyimbo zake kuna mazungumzo ya darasani kuhusu upendo, mazuri ya kuendelezwa ndani ya gari.

Pakua kabla ya kuondoka. Mtandao ukingoni mwa kreta unakatika, na bando litaisha Mto wa Mbu. Beba vitambulisho vya watu wazima, maana kiingilio cha Mtanzania ni nafuu, na sweta kwa kila mtoto.

Mwisho, pokea. Mtoto akikupa wimbo usioupenda, usikilize mpaka mwisho kabla hujasema neno. Huenda anachotaka ukisikie kiko kwenye dakika ya mwisho.