Chiungutwa hadi Newala: Safari Fupi Tuliyoichelewesha

Jumapili moja ya mwezi wa Januari, baada ya Sala ya Alfajiri, tuliondoka Chiungutwa watu watano wa kamati ya msikiti, kwa gari la kuazima, kwenda Newala kumzuru Maalimu wetu. Yeye ndiye aliyetusomesha Juzuu Amma utotoni, kisha uzee ukampeleka kwa binti yake. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukisema, "In shaa Allah, mvua zikikatika." Zikikatika, tulisema, "Korosho zikishauzwa."

Asubuhi ilikuwa nyeupe. Upande wa Masasi vilima vya mawe vilisimama wazi kana kwamba vimeoshwa, na mikorosho ya kandoni mwa njia haikutikisa jani. Tulisoma dua ya safari, tukahesabu kwamba saa mbili tutakuwa tumefika.

Tulipoanza kuupanda ukingo wa Uwanda wa Makonde, hali iligeuka. Ukungu uliteremka, dereva akawasha taa, na mwenzetu aliyeacha koti nyumbani akajifunika shuka tuliyomchukulia Maalimu. Ubaridi huo si mgeni: Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliulalamikia.

Kisha ikaja mvua. Udongo ukawa utelezi, gari likaserereka, tukashuka kusukuma, kanzu tumezipandisha hadi magotini. Mmoja wetu alishauri turudi. Vijana wapita njia walitusaidia, wakakataa malipo. Tulifika saa tano, tumetapakaa matope na manung'uniko.

Uani kwa Maalimu hakuna aliyeikimbia mvua. Binti yake na wajukuu walikuwa wakipanga ndoo, sufuria na madumu chini ya michirizi ya bati, wakicheka. Juu ya uwanda ule hakuna mito. Mchanga huyanywa maji yote, na chemchemi ziko mabondeni. Bibi zao walishuka na kuupanda mlima kwa ajili ya mtungi mmoja. Tangu miaka ya 1950 maji husukumwa kwa mitambo kutoka chini, lakini maji ya bati bado ni riziki. Tulichokinung'unikia njiani, wenzetu walikuwa wakikishukuru.

Maalimu, ambaye sasa haoni, alitutambua kwa sauti tulipomwamkia. "Mmekuja na rehema, wanangu," alisema, akitushika mikono mmoja mmoja.

Adhuhuri ilipoingia, mmoja wetu aliuliza kama sisi wasafiri tupunguze Sala. Maalimu akatabasamu. "Kutoka Chiungutwa? Njia yenu ni fupi, hata Sala haipunguzi. Miaka mitatu mlikuwa mkingoja nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulisali nyuma yake rakaa nne kamili.

Alasiri mvua ilikatika. Tulipita Shimo la Mungu, tukasimama ukingoni: bonde lote lilikuwa likitoa mvuke, likiteremkia Mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Magharibi ilitukuta Chiungutwa, kwenye ardhi kavu.

Usiku ule kamati iliandika azimio moja: kila miezi mitatu, watu wawili watakwenda kwa Maalimu, liwake jua au inyeshe mvua. Nawe, ndugu msomaji, aliyekufundisha herufi ya kwanza yuko umbali gani?