Jointi Ndiyo Inayokufa

Hapa kijijini Munisagara, mtu akinipigia simu huwa analalamika moja kati ya mawili: pampu imekufa, au sola imekufa. Nikifika na maltimita, mara nyingi nakuta pampu nzima na paneli nzima. Kilichokufa ni pale nyaya mbili zilipounganishwa. Mwenye mali hakuwahi kupaona, maana fundi aliyetangulia alipafunika kwa tepu nyeusi akaondoka.

Sisi tunaishi kwenye bonde la maji. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, inapita humu ikifuata mto Mkondoa, na mto umeivuruga mara nyingi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalivunja kingo, yakabomoa njia ya reli na kuwahamisha maelfu ya watu Kilosa. Maji ya namna hiyo kila mtu anayaona. Mimi kazi yangu ni yale yasiyoonekana: umande wa alfajiri, jasho ndani ya boksi la plastiki lililofungwa mchana wa joto, na maji yanayopanda ndani ya ganda la waya kama mafuta ya taa kwenye utambi.

Mzee mmoja mwenye bustani ya mboga kando ya mto alikuwa na pampu ya kuzamisha majini. Ilivuta vizuri kiangazi kizima, kisha ikaanza kusitasita, halafu ikanyamaza. Alishaanza kutafuta fedha za pampu mpya. Nilipoivuta juu nikakuta waya wa pampu umesokotwa na wa kontrola kwa mkono, ukaviringishwa tepu nene. Tepu ilikuwa inateleza, gundi yake imegeuka ute. Shaba ilikuwa nyeusi, na kutu ya kijani juu yake. Nikakata, ndani bado nyeusi. Nikasogea nyuma nikakata tena, bado. Iliniondokea zaidi ya futi moja ya waya kabla sijafikia shaba inayong'aa. Pampu yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote.

Watu wanauogopa umeme wa nguzo kwa sababu unaua, na wanaudharau wa betri. Kwenye jointi, huo wa betri ndio usiosamehe. Chukua jointi mbaya yenye ukinzani wa omu 0.1, pitisha ampea 10. Hapo volti 1 imepotea. Kwenye volti 230 hutajua. Kwenye volti 12, pampu yako sasa inafanya kazi kwa volti 11, na wati 10 za joto zimekaa mahali padogo kama ncha ya kidole. Pasi ya kulehemu redio ni wati 30 hivi. Joto hilo linaongeza kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, hadi plastiki inayeyuka.

Ndiyo maana nachagua konekta kwa makini kuliko ninavyochagua balbu. Zile za skrubu, za plastiki nyeupe zinazokatwa kwa kisu, ni za ndani ya nyumba kavu tu. Hata hizo nazipima dukani kwa sumaku ya spika kuukuu. Sumaku ikinasa kile kibomba cha ndani, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kitaota kutu masika ya kwanza. Waya nao naukwangua kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa alumini iliyovikwa shaba. Wauzaji wengine wananuna nikifanya hivyo. Wanune.

Mafundi wengi wanaamini kulehemu ndiyo dawa ya kila kitu. Kwenye redio, sawa. Kwenye pikipiki au mashine ya kusaga, sikubali. Risasi inaufanya waya uwe mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapoukatia. Kijana wa bodaboda hapa kijijini alikuwa akipoteza taa ya mbele kila mara njia ya Kilosa, usiku, na kila fundi alikuwa anailehemu upya palepale ilipokatikia. Tena waya uliolehemiwa ukiubana chini ya skrubu, risasi inalainika polepole na skrubu inabaki luzi. Wenye boti wamelijua hili siku nyingi. Baraza la boti la Marekani, ABYC, katika viwango vyake haliruhusu risasi peke yake ishikilie jointi, na zile konekta za kofia za kusokota limezikataza kabisa. Boti inatikisika na kulowa kila siku. Bodaboda ya masika inakaribia sana hali hiyo.

Ninachotumia ni lagi au kibomba cha shaba kilichopakwa bati, cha ukubwa uleule wa waya, kikabanwa kwa koleo lake maalumu. Pulaizi inakibamiza tu na kuacha hewa ndani, na penye hewa maji yatapita. Koleo sahihi linazikandamiza nyuzi zote zikawa kitu kimoja. Nikishabana, navuta kwa nguvu. Kisha navisha mpira wa kusinyaa, ule wenye gundi ndani, naupasha moto taratibu hadi nione gundi inachungulia pande zote mbili. Isipochungulia upande mmoja, jointi hiyo bado haijazibwa. Koleo lile ni ghali, na mteja haoni kwa nini nimchaji zaidi ya jirani anayesokota kwa vidole. Nimepoteza kazi kwa sababu hiyo, na baadhi ya kazi hizohizo nimeitwa kuzirudia mvua zilipoanza.

Kwa hiyo wewe unayenunua pampu au sola, tenga fedha ya jointi tangu mwanzo, usiiache iwe chenji iliyobaki. Na fundi akisema amemaliza, mwambie azime umeme na kufungua boksi, kisha shika kila waya uuvute kwa mkono wako. Ukichomoka hata mmoja, usimlipe mpaka arudie.