Dirisha Ghaibu

Kiswahili kilipolipokea neno dirisha kutoka Kiajemi, kilimaanisha tundu la ukutani liletalo mwanga na hewa. Leo neno hilo hilo lataja pia mraba ulio ndani ya kompyuta, nasi twalitamka bila kulitafakari. Mimi nilililazimika kulitafakari hapa Iyunga, nilipokuwa nikitunga shairi la kusomwa katika arobaini ya bibi yangu.

Nilitumia vioo viwili. Cha kulia, kilicho kikuu, kilibeba picha za daftari lake la methali za Kinyakyusa; cha kushoto kilibeba kihariri matini chenye beti 27, tatu za mwisho zikiwa hazijahifadhiwa. Ghafla cha kushoto kikazimika. Waya ulikuwa ungali umechomekwa, hivyo kompyuta iliendelea kukihesabu. Shairi lilikuwa wazi, ila wazi mahali pasipofikiwa na jicho. Na kulifunga kwa nguvu kungezipoteza beti zile.

Siri imo katika hesabu. Windows huanza kuhesabu kwenye pembe ya juu kushoto ya kioo kikuu: hapo ni sifuri. Kioo kilichopangwa kushoto kwake hupewa namba hasi. Baadhi ya vihariri huzitunza namba hizo, hata kesho yake, kioo kikiwa kimekwisha kuondolewa, dirisha hutaka kurejea kwenye hasi ile ile.

Ndugu mshairi, yakikufika, usilifunge. Lichague kwa Alt na Tab, kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kulia: dirisha litahamia kioo cha pili. Hivyo ndivyo beti zangu zilivyorudi, na siku yake zikasomwa. Ikiwa kioo kimebaki kimoja tu, bonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi, halafu M, halafu mshale wowote. Ukisogeza kipanya, dirisha litakifuata.

Limebaki deni la lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu. Mafundi husema kioo, wengine skrini, na wapo wapendao kiwambo, kutokana na kuwamba ngozi ya ngoma. Lakini dirisha lililo wazi pasipoonekana halina jina. "Lililopotea" si kweli, kwa maana lipo.

Napendekeza dirisha ghaibu. Ghaibu ni kisichokuwapo mbele ya macho. Na asomaye kwa ghaibu ni yule aliyeyahifadhi maneno moyoni. Mwenye neno bora zaidi na alilete, tulipime.