Gari Lililosukumwa Pasaka

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi, nikaitumia katika insha nyingi na kutuzwa alama zake, lakini sikuielewa maana yake barabara hadi Pasaka ya mwaka 2024, nilipokwenda nyumbani nikiwa na simu ya kurekodia na orodha ya maswali kumi na mawili, nia yangu ikiwa ni kumhoji baba yangu kuhusu mbio za magari.

Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa. Wenzangu darasani walishangaa pia. Mhadhiri wetu wa fasihi simulizi alikuwa ametutuma nyanjani. Kila mwanafunzi alitakiwa kurekodi simulizi moja ya tukio lililowahi kutokea kwao, ainukuu neno kwa neno, kisha achunguze jinsi msimulizi anavyoijenga. Mmoja alichagua asili ya ukoo wake, mwingine vita vya mpakani, mwingine ukame uliowahamisha babu zake. Niliposema kuwa mimi ningerekodi Safari Rally, kicheko kilienea ukumbini. "Hiyo ni fasihi ama ni michezo?" mmoja aliuliza. Sikumjibu. Nilijua kuwa kijijini kwetu, katika miteremko ya Bonde la Ufa kaskazini mwa Nakuru, hakuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuliko cha magari yale. Kama hadhira ndiyo humfanya msimulizi, basi baba yangu alikuwa msimulizi aliyekamilika.

Kwa wasomaji waliozaliwa juzi, yafaa nitoe maelezo mafupi. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na zilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ikumbukwe kuwa wakati huo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari. Wenyeji walihitaji kibali kutembea huku magari ya wageni yakikata nchi tatu kwa burudani. Mwaka 1973 mashindano hayo yaliingizwa katika ubingwa wa dunia. Magari hayakuzunguka uwanjani. Yalikimbia katika barabara zile zile za wananchi, usiku na mchana, kwa maelfu ya kilomita, na kwa miaka mingi yalikimbizwa wakati wa Pasaka, masika yanapoanza. Ndiyo maana tope lilikuwa mshindani mkuu. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yakawa saba tena.

Ajabu ni kuwa mashindano hayo yaliyoletwa kumshangilia Malkia yaligeuka kuwa yetu. Joginder Singh, mwana wa Kenya, alipata ushindi mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine, akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Watu wakamwita Simba. Kisha akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyefanya Kenya kuwa kwao, akashinda mwaka 1973, halafu akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watoto waliunda magari ya waya, wakayabandika nambari za karatasi, na kila mmoja alitaka kuwa Mehta.

Ndugu yangu wa kwanza hakuhitaji kuunda gari ili awe Mehta. Alizaliwa Pasaka ya mwaka 1983 na hadi leo kijiji kizima humwita Meta. Jina lake la kanisani hulijua mama, padri na mwajiri wake tu. Mimi ni kitinda mimba, nimezaliwa miaka mingi baadaye, lakini kisa cha jina hilo nimekula nacho, nimelala nacho. Siku hiyo ya Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu nilimketisha baba chini ya mparachichi, nikabonyeza kitufe cha kurekodia, naye akaanza kama alivyozoea.

"Mvua ilinyesha usiku kucha," alisema. "Alfajiri tulikuwa tumekwisha kupanda juu ya kona, wazee kwa vijana. Kona ile ilikuwa haina rafiki. Na vijana wengine, Mungu awasamehe, walikuwa wameiongezea maji kwa ndoo usiku, maana gari likikwama, msukumaji hapati kukosa shilingi mbili tatu. Mara tukasikia mngurumo ng'ambo ya bonde. Ukitoweka, unarudi. Ukitoweka, unarudi. Ghafla taa hizi hapa! Gari limepakwa tope hata kioo hakionekani. Likayumba, likatupa mkia, likaingia mtaroni. Tukashuka watu ishirini. Mimi nilishika upande wa nyuma kulia. Harambee! Likatoka. Dereva akatoa mkono dirishani, akanipungia mimi. Si wale wengine, mimi. Alikuwa Shekhar Mehta. Akaenda akashinda. Nami kurudi nyumbani, nakuta nimepata mtoto wa kiume. Ningemwita nani mwingine?"

Alisimulia kwa ufundi. Alijua pa kunyamaza, pa kuinua sauti, pa kuigiza. Nilifurahi nikijua nimepata data ya kutosha. Usiku ule, nikiwa kitandani, niliona heri nithibitishe tarehe ili uchambuzi wangu usiwe na dosari. Nikapekua orodha ya washindi. Mwaka 1982, Shekhar Mehta. Mwaka 1983, Ari Vatanen wa Finland, ndani ya Opel Ascona.

Niliisoma mara mbili, mara tatu. Nikajiambia huenda kaka alizaliwa mwaka 1982, watu wakakosea. Asubuhi nilikwenda jikoni kumwomba mama kadi ya kliniki ya kaka, ile aliyoihifadhi ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vyote. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini maandishi yalisomeka: tarehe 2 Aprili 1983. Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pasaka.

Mama alikuwa akichambua mboga. Aliniuliza naitafutia nini. Nikamweleza yote: zoezi la mhadhiri, kisa cha baba, orodha ya washindi. Alisikiliza bila kuinua macho. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi je, hukuja kuniuliza?"

Waama, sikuwa nimefikiri kumuuliza. Katika miaka yote hiyo ya kusikia kisa cha kona, sikuwahi kujiuliza mama alikuwa wapi. Niliweka simu juu ya kinu kilichoinamishwa, nikairuhusu irekodi.

"Mimi sikuona gari lolote," alisema. "Niliona migongo ya watu. Uchungu ulinianza usiku wa Ijumaa Kuu. Kulipokucha nikamwambia baba yenu. Akasema anakwenda kutafuta gari la kunipeleka zahanati. Akatoka. Basi, gari alilipata kweli, ila hakulileta nyumbani." Alitabasamu kidogo, kisha akaendelea. "Jua lilipopanda nikaona sirudiwi. Nyanya yenu akanishika mkono tukateremka polepole hadi barabarani. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Watu walikuwa wametanda pande zote mbili, vijana wanapiga mbinja. Wakatuzuia. 'Msivuke, gari linakuja!' Likipita moja, wanasema la pili linakuja. Nilisimama pale nimeukumbatia mti. Nyanya yenu alipoona mambo yameiva akanipeleka nyuma ya duka, akatandika leso chini. Ndugu yako alizaliwa pale. Na huko kwenye kona watu walikuwa wakipiga kelele, 'Sukuma! Sukuma!' Nami nikasukuma. Sikujua wanamwambia nani."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mtoto hakulia," alisema. "Nyanya yenu alimpulizia puani, akampigapiga mgongoni, akamgeuza kichwa chini, hakulia. Unajua, hapo sikusikia tena magari. Sikusikia mtu. Niliona tu mikono ya nyanya yenu ikitetemeka. Hata nikasema, basi. Ndipo akalia." Alirudi kwenye mboga zake. "Kutoka dukani hadi kona ni hatua mia mbili. Nilizihesabu baadaye, nikiwa na mtoto mgongoni."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusimulia. Akanijibu kwamba hakuna aliyewahi kunyamaza ili asimulie. Baba akianza kisa chake, nyumba hujaa wageni, wageni huhitaji chai, na chai haijipiki.

Msomaji mpendwa, nilikuwa njia panda. Niliona nina haki ya kuandika nilichosikia, lakini pia niliona kuwa nimeshika kitu kinachoweza kumvunjia heshima baba yangu mbele ya watoto wake. Nilizunguka shambani karibu saa nzima. Mwishowe nilimwendea pale pale chini ya mparachichi, bila simu mkononi. Nikamwambia, kwa adabu niwezayo, kuwa aliyeshinda mwaka 1983 si Mehta, ni Vatanen.

Nilitarajia akane, au akasirike, au aseme vitabu vimekosea. Alinyamaza kwa muda mrefu akifuta miwani yake kwa shati.

"Najua," alisema. "Nilijua siku ile ile. Gari lile hata halikuwa la mashindano. Lilikuwa pikapu la mafundi waliokuwa wakiyafuata magari na magurudumu na vyuma. Dereva wake hata sikumwona uso."

Nikabaki kinywa wazi. Akaendelea. "Nilitoka nyumbani kutafuta gari, mwanangu. Hilo ni kweli. Nilifika barabarani, hakukuwa na gari la kawaida linalokubali kusimama. Nikasema nisubiri kidogo. Nikaona moja la mashindano, nikasema nione la pili. Ndivyo ilivyokuwa. Niliporudi nikakuta nyanya yenu ameketi mlangoni na damu kwenye leso, hanitazami. Watu wakaniuliza, 'Ulikuwa wapi?' Ningewaambia nini? Kwamba nilimwacha mke wangu kwa ajili ya pikapu la mafundi? Nikasema Mehta. Angalau liwe gari la maana."

Maneno hayo sikuyarekodi, lakini sijayasahau. Darasani tulikuwa tumefundishwa kuwa msimulizi hutia chumvi ili kuiteka hadhira. Siku ile niliona sababu nyingine ya kutia chumvi. Baba yangu alikikuza kisa chake mwaka baada ya mwaka kwa sababu kosa alilolifunika lilikuwa kubwa, na kifuniko kidogo kisingelitosha. Mkono uliopunga dirishani, upande wa nyuma kulia, shilingi mbili tatu, vyote hivyo vilikuwa matofali ya ukuta mmoja.

Sikumwambia kuwa mama amekwisha kunieleza sehemu yake. Nilimwomba tu aende jikoni akamuulize. Alikwenda jioni ile. Walizungumza hadi giza likaingia, na chakula kilichelewa, jambo lisilo la kawaida nyumbani kwetu. Sijui walisema nini na sikuuliza.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi, kaka Meta alifika na lori lake, maana kazi yake ni udereva wa masafa marefu. Mwaka ule mbio zilikuwa zimerudishwa Pasaka, nasi tuliketi sote mbele ya televisheni kuzitazama kutoka Naivasha. Magari ya siku hizi hukimbia katika sehemu zilizofungwa, kwa saa chache, kisha hurudi kutengenezwa. Baba alisema huo si mchezo wa wanaume, mama akamtazama, naye akakohoa. Kalle Rovanperä, kijana kutoka Finland, akashinda. Baba alizima sauti, akamweleza kaka kila kitu mbele yetu sote.

Kaka alicheka hadi machozi. "Kwa hiyo miaka yote hii mimi ni Vatanen?"

"Wewe ni mtoto aliyekataa kulia," mama alisema. "Kunywa chai."

Chai hiyo, naomba ieleweke, ilipikwa na baba.

Katika kazi niliyowasilisha kwa mhadhiri niliweka matini mbili sambamba, kwa idhini ya wasimulizi wote wawili: ya chini ya mparachichi upande wa kushoto, ya jikoni upande wa kulia. Nilichagua kutosema ipi ni sahihi na ipi ni potofu. Kisa cha baba kinaeleza jinsi wanakijiji walivyoyapenda magari yale hata wakayafanya yao. Cha mama kinaeleza gharama ya mapenzi hayo na ni nani aliyeilipa. Ukiondoa kimoja, kingine hulegea.

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, tunapokwenda nyanjani aghalabu hukimbilia palipo na sauti kubwa na hadhira iliyokwisha kukusanyika. Ushauri wangu ni mmoja tu. Msimulizi huyo akimaliza na watu wakipiga makofi, usizime simu yako. Pita jikoni, uliza nani mwingine alikuwapo siku hiyo, halafu unyamaze.